NAUZA: Yamaha FG-180 lebo nyekundu, gita kavu la zamani, limepigwa sana na bado linapigika (Mombasa)

NyuziSita

Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Nauza gita langu kavu (lisilo la umeme), Yamaha FG-180 ile ya lebo nyekundu, ya Japani yenyewe. Bei ni 48,000 na maongezi yapo. Niko Tudor. Ukilitaka njoo ulishike ulipige, siuzi gita kwa picha peke yake, na sitamfungia mtu gita kwenye katoni kabla halijasikiwa na yeye au mtu wake anayemuamini.

Ntaandika kirefu manake gita la zamani ukilitangaza kwa maneno mawili watu wanakuja na gita lingine kichwani, wakifika mlangoni wakiona mikwaruzo wanaanza kuvuta midomo. Heri mjue kila kitu mkiwa huko huko kwenu.

Lilikuwa la ami yangu. Alifanya kazi bandarini Kilindini, akalinunua kwa baharia mwanzo wa miaka ya 70, akalipiga kwenye harusi na kwa mahoteli ya Nyali na Bamburi, alafu likaja kwangu nami nikaendelea nalo. Halijawahi kutundikwa ukutani likawa pambo. Kwa wasiozijua, hizi FG zilianza kutoka 1966, FG-180 ndio yenye boksi kubwa na FG-150 ndio ndogo yake. Kampuni wakati huo ilikuwa inaitwa Nippon Gakki, Yamaha likaja kuwa jina la kampuni yenyewe 1987, kwa hivyo ukichungulia kwenye tundu unaona lebo nyekundu ina jina lile la zamani. Zilizofuata lebo zilibadilika rangi na nyingine zikawa zinaundwa Taiwan, nazo si mbaya hata kidogo lakini za mwanzo ndizo watu wanazozisaka.

Sasa hali yake, na sifichi kitu.

Uso umelika. Chini ya tundu upande wa uzi wa kwanza vanishi imekwisha kabisa kwa kucha na piki, mti uko mtupu, mahali pa upana wa kiganja hivi. Juu kwenye ukingo pale mkono wa kulia unapolala jasho limeilainisha vanishi na rangi imekuwa nyeusi nyeusi. Mgongoni kuna mchoro mrefu wa chuma cha mshipi. Ubavuni chini kuna kibonyeo, liligongwa na kiti harusini, mti haukupasuka. Ufa hakuna popote. Nimeingiza tochi na kioo ndani, fito zinazoshikilia uso zote zimeshika, hakuna iliyoachia.

Freti, vile vyuma vya kukata shingo, ya kwanza mpaka ya nne zina vibonde chini ya uzi wa kwanza na wa pili, ukipitisha ukucha unavisikia, lakini hakuna noti inayokwaruza. Zishawahi kusawazishwa na fundi na bado zina kimo cha kusawazishwa tena. Vile vya kukazia nyuzi kimoja si cha asili yake, kinashika vizuri ila rangi haifanani na wenziwe.

Briji, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, imekaa, karatasi haipenyi nyuma yake. Kwenye briji mna vidoti viwili vya rangi ya lulu na chini yake kuna bolti, ndivyo zilivyoundwa kiwandani, msije mkadhani ni ukarabati wa mtaani. Kile kimfupa kinachobeba nyuzi pale kwenye briji ndicho nilichobadilisha, cha zamani kilikuwa kimechimbika, nikachongewa cha mfupa wa ng'ombe na fundi wa ala ya udi hapa Mji wa Kale na sauti ikachangamka siku hiyo hiyo.

Shingo imenyooka. Akshoni, yaani nyuzi ziko juu kiasi gani, nimepima pale freti ya 12: chini ya uzi wa sita kadi tatu za benki zinapita na kunabaki nafasi kidogo, chini ya uzi wa kwanza kadi mbili na kidogo. Kadi moja ni milimita 0.76, pigeni hesabu wenyewe. Na kile kimfupa bado kimetokeza karibu milimita 3 juu ya mti wa briji. Kwa gita la umri huu hilo ndilo neno kubwa kuliko yote niliyoandika hapa, mikwaruzo ni ya macho tu.

Kwa nini naliuza: mkono wa kushoto unakufa ganzi nikibana nyuzi za chuma kwa muda, daktari kanishauri nipunguze, siku hizi napiga nailoni. Na gita la kupigwa ukilifungia sandukuni na unyevu wa hapa kwetu ni kuliua polepole. Nataka liende kwa mpigaji.

Likoni_Bahari

Mzee wangu salaam, nimesoma yote lakini 48 kwa gita la plaiwudi ni nyingi sana, kwa pesa hiyo mimi naingia dukani mjini natoka na jipya na begi lake na nauli ya kurudi inabaki. Alafu lako limekwanguka uso mzima. Ungesema 20 ningevuka na feri leo leo.

Abuu_Kizingo

Plaiwudi wapi tena, lebo nyekundu ni mbao nzima, ndio maana bei yake iko juu, hilo linajulikana dunia nzima

FundiMbao

Hapana yakhe. FG za wakati ule uso ni plaiwudi, mbavu na mgongo pia, wala si siri. Chukua tochi uangalie ukingo wa tundu, pale mti ulipokatwa. Gita la mbao nzima ile mistari unayoiona juu inashuka moja kwa moja kwenye unene wa ukingo mpaka chini, mstari kwa mstari. La plaiwudi mistari inakatika, unaona tabaka la juu, kisha la kati ambalo mti wake umelala upande mwingine, kisha la chini. Fanya hivyo kwa gita lolote kabla hujatoa pesa na usisikize lebo wala muuzaji.

Lakini pia Likoni_Bahari, usilitaje neno plaiwudi kana kwamba ni ugonjwa. Mimi magita yanapita mezani kwangu ya kila aina na nakwambia kwa yale niliyoyafungua, hapa pwani plaiwudi ya Wajapani wa miaka ile ni heri kubwa. Mti unakunywa maji ya hewani. Watengenezaji wengi wanataka gita likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, Mombasa sisi mara nyingi tumepita 70, na masika ikishika mwezi wa tano hata sukari kwenye kopo inagandana. Mbao nzima inavimba kwa kwenda upana, uso unatoka kitumbo, briji inapanda na kitumbo, nyuzi zinapaa, mwenyewe analia vidole vinauma. Kaskazi ikija na jua la mwezi wa pili, na mwenyewe kaliacha kwenye buti ya gari anakula mahamri, gundi inalainika na briji inaanza kung'oka kwa nyuma. Plaiwudi matabaka yake yamepishana, moja likitaka kuvimba huku lingine linalizuia, kwa hivyo halitembei sana na halipasuki ovyo. Ninalo mezani sahii gita la mbao nzima, la bei ya mara tatu ya hili, limepasuka uso kutoka kwenye briji mpaka mkiani. Mwenyewe alilipenda sana akalificha ndani ya begi juu ya kabati.

NyuziSita

Shukran fundi.

Likoni_Bahari, ndugu yangu swali lako ni la haki na sijakasirika. Hilo jipya la dukani kwa bei hiyo mara nyingi mbavu na mgongo nazo ni plaiwudi, tofauti ni kwamba plaiwudi yake haijapita masika hata moja. Seti ya nyuzi za 12 (namba ni unene wa uzi wa kwanza, ikiwa ndogo nyuzi ni nyembamba) zikikazwa kwa sauti yake zinavuta kwa zaidi ya kilo 70, ni mtu mzima ananing'inia kwenye ile briji usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi. Gita jipya hujui miaka kumi ijayo shingo itakuwa imesogea wapi. Hili lishasogea kiasi lilichotaka kusogea, na baada ya miaka yote hiyo bado nyuzi ziko mahali pazuri na kimfupa hakijaisha. Hicho ndicho ninachokuuzia. Mkwaruzo haupandishi nyuzi wala haubadilishi sauti.

20 siwezi. Lakini njoo tu ulipige hata kama hununui, mlango uko wazi baada ya alasiri.

BintiTudor

Shikamoo mzee NyuziSita. Kumbe ni jirani. Mimi najifunza, nimeanzia gita la nailoni la kuazima na nimefika pahali nataka la kwangu. Nataka kupiga ule upigaji wa zamani wa vidole, si wa kukwangua tu. Swali langu, hili naweza kulitia nyuzi za nailoni manake za chuma zinaniuma sana? Na je la nailoni naweza kulitia za chuma nione tofauti kabla sijanunua?

FundiMbao

Dada la pili USIJARIBU, na kama gita ni la kuazima ndio usijaribu kabisa. Gita la nailoni limejengwa kwa mvuto wa karibu nusu ya ule wa chuma, fito zake za ndani ni nyepesi na shingo mara nyingi haina chuma ndani. Ukilitia nyuzi za chuma briji inang'oka au uso unapinda. Nimeshayapokea mengi yenye maradhi hayo hayo.

La kwanza halitaharibika lakini halitalia. Uso wa gita la chuma ni mzito, nailoni haina nguvu ya kuutikisa, utapata sauti ya chini iliyofifia na nyuzi zitapepea zikigonga freti.

NyuziSita

Marahaba mwanangu. Fundi kasema sawa. Dawa yako ni seti ya 10, hizo zinavuta karibu kilo 60 badala ya 70 na kitu, vidole vitakushukuru na gita pia litapumua. Sauti inapungua unene kidogo upande wa besi lakini kwa upigaji wa vidole unaoutaka zinatosha. Mimi mwenyewe miaka ya karibuni nimetia za 11.

Na nyuzi za hapa zinashika kutu haraka, hewa ya bahari haina huruma. Kila ukimaliza kupiga zipanguse kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya uzi, chini ndiko jasho linakojificha. Watu wengi wanapangusa juu tu.

MzeeWaBendi

Nimeingia kwenye mjadala huu kwa sababu ya jina la lile gita. Wakati mahoteli ya pwani ya kaskazini yanachangamka mimi nilikuwa nikipiga jioni kwa watalii, na FG nilizishika si moja. Gita la kubeba kwenye matatu, likanyeshewa kidogo, likashushwa mchangani, kesho yake likapiga.

Binti, ule upigaji unaoutaka ni kidole gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye besi halisimami, shahada inaimba juu. Jean Bosco Mwenda, mpiga gita wa Katanga huko Kongo, ndio vidole viwili hivyo hivyo alivyotumia, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akamrekodi 1952 na watu wa ng'ambo wakadhani ni watu wawili wanapiga. Na sisi pwani tuna wetu, Fundi Konde, Mgiriama, kazaliwa 1924, kapiga gita kwenye kikosi cha burudani cha jeshi vita vya pili, akarudi akawa kati ya wa kwanza Kenya kushika gita la umeme. Msikilize anavyoziacha noti zipumue. Vijana wengi sahii wanajaza kila nafasi.

Na jambo lingine wanunuzi hawalitazami. Muuzaji kasema freti ya kwanza mpaka ya nne zimelika chini ya uzi wa kwanza na wa pili. Hapo gita limekuelezea maisha yake. Lilikuwa likipigwa nyimbo, kodi za C na F na G7, wimbo baada ya wimbo, mtu anaimba. Gita lililolika huku juu kuanzia ya saba lilikuwa la kupiga solo. Na gita la zamani ambalo freti zake hazijalika hata kidogo mimi namuuliza mwenyewe kwanza, kwani lilikuwa na nini hata watu wasilipige? Mara nyingi jibu ni kwamba nyuzi ziko juu mno, halikupigika tangu siku ya kwanza. Kwa hivyo kulika kwake kwangu mimi ni ushahidi. 48 haijakosea njia.

Abuu_Kizingo

Nimekubali la plaiwudi, nimeangalia la kwangu ukingoni nikaona matabaka kweli. Lakini sauti jee, si wanasema gita likipigwa miaka mingi mti unafunguka, sauti inakuwa tamu kushinda jipya? Na plaiwudi nayo inafunguka ama hiyo ni ya mbao nzima peke yake?

FundiMbao

Hapo watu wanabishana mpaka alfajiri. Mti ukikaa miaka unakauka na vanishi inakuwa nyembamba na ngumu, hilo naliona kwa macho. Kwamba kupigwa kwenyewe ndiko kunakoleta utamu, sijaona kitu cha kunifanya niape, na kwenye plaiwudi gundi iliyo kati ya matabaka haifunguki kwenda popote. Ninachokijua kwa mikono yangu ni kwamba kimfupa kilichokaa barabara kwenye kitanda chake, freti zilizo sawa na briji iliyoshika vinabadilisha sauti kuliko miaka.

NyuziSita

Mimi nitasema hivi. Simuuzii mtu hadithi ya mti kufunguka. Uzi wa tano kwenye gita hili, ule wa A, ukiupiga mtupu unakwenda mrefu na kavu bila kuvuma ovyo, na ukiwa unaimba sauti yako haizamishwi. Boksi lake kubwa lakini haliungurumi. Hilo nalisikia kila nikilishika na wewe ukija utalisikia ama hutalisikia, masikio ni yako.

Nai_Westi

Habari zenu wa pwani. Niko Nairobi, nimelitafuta FG-180 muda mrefu. Mzee nitume arubuni ya 10,000 kwa M-Pesa uniwekee, alafu umpe dereva wa basi alilete? Na je likitoka kwenye unyevu wa Mombasa likaja kwa ukavu wa huku halitaharibika?

NyuziSita

Ndugu yangu, usinitumie pesa. Hunijui, sikujui, na tabia ya kutuma arubuni kwa gita ambalo hujaliona ndiyo inayowaliza watu kila siku, sitaki kuwa sehemu ya mazoea hayo hata nikiwa mkweli. Kama una rafiki Mombasa mwenye masikio mtume aje. Ama panda treni asubuhi ushuke Miritini, jioni unarudi nalo mkononi.

Basini kwenye mabegi ya chini halipandi, hilo nimeshakataa. Injini huko chini na joto na masanduku juu yake, hapana. Kwa treni unakaa nalo. Nyuzi utazilegeza kidogo, si kuzitoa zote, na chini ya kichwa cha gita ndani ya sanduku utaweka nguo laini ili likigongwa shingo isibebe kishindo.

FundiMbao

Kuhusu ukavu, Nai_Westi, Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na hewa yake ni kavu kuliko yetu, kwa hivyo gita linalotoka huku likifika huko mti unanywea kidogo. Uso unashuka, nyuzi nazo zinashuka, wiki za mwanzo unaweza kusikia uzi unagonga freti ukadhani umeuziwa ubovu. Kingine, mti wa shingo ukinywea ncha za freti zinatokeza pembeni, ukiteleza mkono zinakukwaruza, fundi anazisaga kwa tupa ndogo kazi imekwisha. Kwa plaiwudi haya yote yanakuwa madogo. Likae ndani ya sanduku siku za kwanza lizoee, usiliweke karibu na hita wala dirisha la jua.

Likoni_Bahari

Kuna kitu kinanisumbua. Mnasema akshoni akshoni, milimita 3 za kimfupa sijui nini, kwani nyuzi zikipanda si unakaza kile chuma cha ndani ya shingo zinashuka? Mbona inakuwa jambo kubwa hivo

FundiMbao

Hilo ndilo kosa linalokula pesa za watu wengi kwenye magita ya zamani, wacha nilieleze vizuri.

Chuma cha shingo kinashughulikia jambo moja tu, mpindo wa shingo yenyewe. Nyuzi zinaivuta ikapinda mbele kidogo, unakaza chuma inarudi. Basi. Lakini kuna jambo la pili, nalo ni pembe ambayo shingo imeingilia mwilini. Miaka ikienda ule mvuto wa kilo 60, 70 unaukunja mwili wa gita pale juu karibu na tundu, na shingo nzima, hata ikiwa imenyooka, inainamia mbele. Hapo chuma ukikaze utakavyo hakisaidii, utaipinda shingo nyuma bure.

Wanachofanya watu ni kushusha kile kimfupa. Lakini angalia hesabu, kushusha nyuzi milimita 1 pale freti ya 12 lazima ukate milimita 2 kwenye kimfupa, manake freti ya 12 iko katikati ya uzi. Kimfupa kikiwa kimebaki milimita 1 tu huna tena cha kukata. Dawa iliyobaki ni kuing'oa shingo kwa mvuke, kuchonga upya maungio na kuirudisha kwa pembe sahihi, na FG kwa kazi hiyo ni ngumu kuliko magita mengi, gundi yake haikubali kuachia. Fundi akikutajia bei yake utaona heri ununue gita lingine.

Ukienda kutazama gita beba rula ndefu iliyonyooka. Ilaze juu ya freti katikati ya shingo, uisukume mpaka ncha ifike kwenye briji. Ikitua juu ya mti wa briji ama ikiupita juu kidogo, pembe iko sawa. Ikigonga ubavu wa briji, chini ya uso wake wa juu, shika njia urudi nyumbani hata kama gita linang'aa na muuzaji anakupa na sanduku bure.

NyuziSita

Rula ninayo hapa nyumbani, atakayekuja asijisumbue kubeba. Kwa hili inateleza inapita juu ya mti wa briji kama unene wa kadi moja.

Likoni_Bahari

Sasa nimeelewa na nashukuru fundi. Nilikuja jana mzee akanikaribisha, nikalipiga. Kusema haki kwa bei nilikuwa nimelidharau, shingo ni laini na nyuzi haziumi, nilitarajia chuma kigumu. Mimi napiga na bendi, nahitaji lenye pikapu ya kuchomeka kwa spika na sitaki kulitoboa gita kama lile kwa ajili ya waya, kwa hivyo nimeliacha lipite. Lakini hiyo 20 yangu naifuta.

BintiTudor

Mimi nimekwenda leo baada ya alasiri na baba na mjomba wangu ambaye anapiga kinanda. Nimefanya yote mliyoandika. Tochi kwenye tundu, matabaka nikayaona, la kati kweli limelala upande mwingine. Karatasi ya risiti nyuma ya briji haikuingia popote, nimezunguka nayo pande zote. Rula nikailaza, ikapita juu ya briji. Kadi za benki ilibidi tuazime ya baba na ya mjomba zitimie tatu.

Alafu mzee akaninyamazia akaniachia nilipige bila kusema kitu, nikakaa barazani nikapiga zoezi langu la gumba na shahada. Ile mahali vanishi imekwisha chini ya tundu ndio pale pale kidole changu kinaposhuka, mti mtupu unasikika tofauti kwenye ukucha, mkavu. Na ule uzi wa A aliouandika hapa nimeusikia. Mjomba alikuwa anaongea na simu akakata simu.

Tumeongea kwa 45,000 na mzee amekubali, baba amelipa. Ametuongezea seti moja ya nyuzi za 10 ambayo haijafunguliwa na kile kitambaa chake.

MzeeWaBendi

Mashallah. Limekwenda pazuri. Binti ukishaweka za 10 uziache zikae siku mbili tatu kabla hujaanza kulaumu tyuni, nyuzi mpya zinavutika.

Nai_Westi

Nimechelewa. Hongera BintiTudor, kwa dhati. Mzee NyuziSita ukisikia lingine pwani nijulishe, hata kama si 180.

NyuziSita

BintiTudor, fundi wa kukutilia hizo nyuzi na kuangalia shingo baada ya mvuto kubadilika unaye hapa hapa kwenye mjadala, ukitoka kwenye seti ya 11 kwenda 10 shingo inaweza kurudi nyuma kidogo na uzi ukaanza kugonga freti za mwanzo, ni robo mzunguko wa chuma tu, usiifanye mwenyewe mara ya kwanza. Na masika ikianza usilifungie, litoe kila siku ulipige, na ndani ya sanduku weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe vikishiba.

Nai_Westi, kuna jamaa wa Malindi nimepiga naye zamani, ana FG-150 ya lebo nyekundu hiyo hiyo. Boksi dogo, ndio lile umbo alilopanda nalo jukwaani mwanamuziki wa Marekani Country Joe McDonald kwenye tamasha la Woodstock 1969. Amekuwa akiwaza kuliuza. Nimemwambia apime kwa kadi na rula kabla ya kutaja bei, na amekubali kukuandikia inboksi leo usiku akishafunga duka. Mwambie akupigie picha ya ukingo wa tundu na ya briji kwa ubavu, si ya uso.

Kichwa cha mjadala nabadilisha kiwe IMEUZWA. Wasimamizi mnaweza kufunga.